Mkungu wa Bwana Mipango

Mpanga njia abebe mkungu. Ndiyo methali hiyo mliyoisikia jana mkutanoni, mama mmoja alipomwambia mhandisi wa maji, ukumbi mzima ukaangua kicheko na ninyi vijana mkabaki mmezubaa kama kuku wageni. Sasa mnaniuliza mkungu wa ndizi na mabomba ya maji wapi na wapi. Mwingine ananiambia, si ni sawasawa na ile ya kitanda usichokilalia hujui kunguni wake? Ni ndugu, ila si pacha. Hii ya kwetu ina mtu wake na ina siku yake, na chimbuko lake ni hili.

Enzi hizo mji wetu wa Isanjile ndio kwanza ulikuwa unaota meno. Nyumba zilikuwa zinapanda mlima kila mwaka, soko limejaa hadi barabarani, na bodaboda zenyewe bado hatujazijua. Mtu wa Ilundo, kule juu, akitaka kuja sokoni alitumia miguu yake, kilomita saba. Na waliotembea zaidi ya wote walikuwa akina mama wauza ndizi, kila mmoja na mkungu wake kichwani.

Basi halmashauri ikaajiri kijana wa mipango miji, mzaliwa wa hukohuko Ilundo, jina lake Lusajo. Watu wakamwita Bwana Mipango, naye jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lake. Alikuwa kijana mwema, msiseme nimemsema vibaya. Mama yake alimsomesha kwa mikungu ya ndizi, mmoja baada ya mwingine, mpaka shingo ya yule mama ikakataa kugeuka. Ukimwita kutoka nyuma, alizunguka mwili mzima ndipo akuone. Lusajo hakuweza kuitazama shingo ile bila kuumia moyoni. Alijiapiza kwamba akipata kazi, wanawake wa Ilundo hawatashuka mlima tena na mizigo kichwani.

Akaandika barua, akafunga safari, akabembeleza, mpaka mkoa ukakubali kuwapa mabasi mawili, lakini kwa majaribio ya miezi sita. Miezi hiyo ikiisha atakuja mkaguzi ahesabu abiria. Wakiwa chini ya ishirini kwa safari, mabasi yanakwenda mji mwingine.

Lusajo alifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alipima barabara kwa gurudumu la kupimia, akaweka kituo kila baada ya mita mia nne kama kitabu kilivyosema, akachagua mahali tambarare pasipo na tope. Kila kituo kikawa na nguzo yake na kibao cha buluu chenye namba. Kituo cha mwisho akakiweka mbele ya lango la halmashauri, chini kidogo ya soko, panapopendeza. Siku ya uzinduzi ngoma zilipigwa, watu wakapanda basi bure, wakashangilia, wakashuka.

Kesho yake mabasi yakatembea matupu.

Na kesho kutwa vilevile. Basi lilishuka kutoka Ilundo na dereva, kondakta na labda mwalimu mmoja mwenye haraka. Kando yake akina mama walishuka kwa miguu na mikungu yao, wakipisha basi kwa adabu. Lusajo akabadilisha saa, haikusaidia. Akapaka mabasi rangi ya kijani, watu wakasifia rangi. Akaitisha semina ya matumizi ya basi, watu wakaja wengi, wakanywa chai na maandazi, wakashukuru sana, kisha wakarudi nyumbani kwa miguu.

Mwishowe akaandaa karatasi ya maswali kumi na mawili, akasimama nayo barabarani.

"Shikamoo mama. Basi letu lina kasoro gani?"

"Marahaba baba. Halina kasoro. Basi zuri," wakajibu bila kugeuza shingo, wakapita. Naye kwenye kila karatasi akaandika: hakuna kasoro. Alikuwa na karatasi sabini za namna hiyo mezani kwake, na zilimnyima usingizi kuliko matusi.

Zilipobaki wiki tatu mkaguzi aje, Lusajo alikuwa amesimama kituo namba nne asubuhi, basi lipo pale mlango wazi, halina mtu. Akamwona mama yake mdogo, Subilaga, anakuja na mkungu kichwani. Kifua kikamjaa matumaini. Mama mdogo akalitazama basi, akampungia kondakta mkono, akapita.

Lusajo akamkimbilia. "Mama mdogo, hata wewe?"

"Twende ukiongea," akasema Subilaga, hatua zake hazikupungua. "Nikisimama hapa nachoka."

"Basi lile pale, viti vitupu."

"Nimeliona. Mimi si kipofu."

"Basi kwa nini hampandi? Mabasi yanaondoka, mama mdogo. Wiki tatu tu. Nimewakosea nini?"

Sauti yake ilikatika, na Subilaga akaisikia. Alikwenda mpaka kwenye kona, mahali ambapo barabara ilipochimbwa uliachwa ukingo wa udongo, unafika usawa wa mabega. Akaugeuzia mgongo, akarudi nyuma hatua moja, na mkungu ukakaa juu ya ukingo wenyewe kama umewekwa na malaika. Ndipo akamgeukia mtoto wa dada yake.

"Mwanangu, umesoma mpaka umevaa miwani. Umewahi kubeba mkungu?"

Mnajua mila za kule. Mwanamume abebe begani, au afunge mzigo kwenye baiskeli, lakini kichwani ni kwa wanawake. Lusajo alikula mikungu tangu akinyonya, na hakuwa amebeba hata mmoja.

"Inama," akasema Subilaga.

Akakunja ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka juu ya kichwa cha Bwana Mipango, na juu ya ngata akaweka mkungu. "Haya. Rudi kituoni kwako, upande basi lako. Tukutane sokoni."

Loo, watoto, siku hiyo Isanjile ilicheka. Lusajo alirudi namba nne anayumba kama mlevi wa mchana, mikono miwili juu, tai imemgeukia mgongoni. Basi lile lilikwisha kuondoka. Shingo ikamwaka moto, akautua mkungu chini kwenye ile sehemu yake tambarare. Basi la pili lilipofika, akainama auinue. Ukakataa. Akaukumbatia, ukafika magotini, ukarudi chini, na utomvu ukamchora shati jeupe kifuani. Ninyi mnaujua utomvu wa ndizi, hautoki hata kwa maombi. Kondakta akashuka kumsaidia, wakahangaika wawili kuupenyeza mlangoni, mlango mwembamba na ngazi ndefu, dereva anapiga honi.

Wakafika kituo cha mwisho. Wakautelemsha, basi likageuza likaenda zake. Sasa Bwana Mipango yuko mbele ya lango la ofisi yake mwenyewe na mkungu miguuni, na soko liko juu kule. Wanawake wakawa wanapita, lakini kila mmoja ana mzigo wake kichwani, na mwenye mzigo kichwani hainami.

"Pole, baba," wakasema, wakapita.

"Pole sana."

Karani wa masjala akamchungulia dirishani, akawaita wenzake. Lusajo akajaribu mara ya tatu, ndizi saba zikachomoka zikabingirika hadi mtaroni. Mwishowe fundi viatu akaacha kiatu cha mtu, akaja kumtwika.

Alipoingia sokoni, wanawake aliowaacha njiani, waliotoka Ilundo kwa miguu, walikuwa wamekwisha kupanga biashara zao, na wawili wameshauza. Mama yake mdogo amekaa, anakunywa uji. Vigelegele vikapigwa soko zima. Muuza vitunguu mmoja alicheka hadi akalala juu ya gunia lake.

Subilaga akampokea mkungu, akamkalisha, akampa kikombe.

"Umetwikwa mara ngapi, mwanangu?"

Lusajo akahesabu kwa vidole. "Wewe, pale ukingoni. Kondakta. Fundi viatu. Mara tatu."

"Na hao waliokutangulia?"

Akafikiri. Pole pole uso wake ukabadilika.

"Mara moja," akasema. "Nyumbani."

"Ehe. Nyumbani kuna mume, kuna watoto, anatutwika mmoja wao tunaondoka. Tukichoka tunapumzikia kwenye kingo. Mkungu unakaa juu, na tukitaka kuondoka, kichwa kinaingia chini yake, mtu hamsumbui mtu. Basi lako linataka tutue chini mara mbili, na wa kututwika hayupo. Basi ni zuri kweli. Ila kila mmoja wetu ana shingo moja tu."

"Mbona hamkuniambia? Nimekuja na maswali kumi na mawili."

"Ulituuliza basi lina kasoro gani. Basi halina kasoro. Na wewe baba, unamwuliza mtu mwenye mkungu kichwani maswali kumi na mawili?"

Lusajo alimtazama, akatazama shati lake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na nadhani mengine hayakuwa ya kicheko. Alikuwa ameijua shingo ya mama yake miaka yote ile kwa macho. Siku hiyo aliijua kwa shingo yake mwenyewe.

Kesho yake alfajiri aliliacha gurudumu lake ofisini, akapanda Ilundo, akashuka na akina mama, naye ana mkungu. Kila walipoipumzisha mikungu ukingoni alifunga kitambaa kwenye mti wa karibu. Vitambaa vikawa saba. Viwili vilikaribiana kiasi kwamba ungeweza kutoka kimoja kwenda kingine ukiwa unatafuta chenji. Mkuu wake wa kazi alipoona mchoro mpya akakunja uso.

"Kitabu kinasema mita mia nne."

"Mzee, kitabu hakina shingo," akajibu Lusajo.

Wakahamisha nguzo. Sokoni, pasipo na ukingo, waashi wakajenga meza ya mawe usawa wa mabega, tena kwenye lango la juu, si mbele ya ofisi. Nyuma ya mabasi mafundi wakang'oa viti viwili, wakapanua dirisha, wakaweka chaga ya mbao. Basi likisimama kando ya ukingo, mkungu unasukumwa tu, unaingia. Hakuna wa kutwika, hakuna wa kutwikwa.

Siku ya kwanza walipanda kumi na wawili. Wiki ya pili wauza mboga wakajiunga, na wafuma vikapu, na wazee waliokuwa hawajaliona soko tangu miguu yao ichoke. Mama yake Lusajo naye alishuka sokoni, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Hakuwa na cha kuuza. Alitaka tu kusalimia watu. Alikaa kiti cha mbele, na kila aliyeingia alimsalimu kwanza, kwa hiyo hakuhitaji kugeuka.

Mkaguzi akafika, Bwana Kihaule, mtu wa suti na daftari, uso umekunjamana kama alikunywa shubiri. Akapanda basi la saa moja kutoka Ilundo. Ukingo wa kwanza akaandika. Ukingo wa pili akaandika. Kwenye ukingo wa kona wanawake walikuwa wameanza kuimba nyuma, naye akapoteza hesabu, akaanza upya. Lusajo alikaa ameshika magoti, hathubutu kumtazama. Mabasi yalikuwa kwenye kalamu ya mtu yule, na shingo zote za Ilundo pamoja nayo.

Wakashuka kwenye lango la juu. Mkaguzi akahesabu mara ya mwisho, akafunga daftari.

"Arobaini na moja," akasema. "Mabasi yanabaki."

Sitawaeleza vigelegele vya siku ile, maana sina pumzi ya kutosha. Lusajo alibebwa juu juu kama bwana harusi, miwani ikaangukia kwenye nyanya za mtu.

Kelele zilipotulia, mkaguzi akamshika mkono, sasa anatabasamu. Akasema amekagua miji minane na hajaona kitu kama hiki. Mwezi ujao anapeleka mabasi mengine mji wa pili, na yeye mwenyewe ndiye atakayepanga vituo. Alikuwa anaomba michoro akainakili.

"Michoro nitakupa, mzee," akasema Lusajo. "Lakini ile ni ya barabara yetu. Kule kingo zao hazipo zilipo zetu."

"Sasa mimi nitajuaje pa kuweka?"

Lusajo akageuka. Alimtazama mama yake mdogo. Subilaga alikwisha kuchukua majani makavu ya mgomba na alikuwa anayakunja ngata, taratibu, akikadiria ukubwa wa kichwa cha Bwana Kihaule. Wanawake wakasogea kutengeneza nafasi. Mmoja akamvua mkaguzi koti la suti, akalikunja vizuri, akalipangusa vumbi.

"Jambo dogo tu, baba," akasema Subilaga. "Mpanga njia abebe mkungu."

Na mkaguzi, mtu mzima na daftari lake mkononi, akainama.