Daraja la Siafu katika Mchezo wa Kiboko

Nina ngano, niitoe?
Itoe, tumeshakaa.
Na atakayesinzia?
Atasimuliwa na mbu.

Basi hapo kale alikuwako Kiboko, na Kiboko alikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta alitengeneza mchezo wa kuvuka mto. Kila aliyetaka kucheza alimletea tikiti. Kiboko akala, akanenepa, akapanua mlango wa nyumba yake.

Mama Pimbi alikuwa na binti, Kijino, aliyeungua mkono utotoni. Ili kuruka mto ule, ilibidi kubonyeza kitufe mara mbili upesi: ta-ta. Kijino alibonyeza ta... ta. Chubwi, majini. Wenzake wakivuka, yeye chubwi. Alirudi nyumbani hataki kula.

Siafu waliona. Siafu hawana maneno mengi. Waliingia ndani ya mchezo, tiki-tiki-tiki, wakajenga daraja, wala hawakuomba hata kokwa ya tikiti. Siku hiyo Kijino akavuka. Mama Pimbi aligeuka pembeni akajifuta macho.

Konokono naye akaongeza njia ya wasio na haraka. Popo akaongeza sauti kwa wenye macho mabovu. Wachezaji wakajaa, matikiti yakajaa.

Kiboko alipopata habari, akanguruma. "Nani kagusa mchezo wangu?"

"Tumeongeza vitu kidogo tu, mzee."

"Nani kawaambia umepungua? Kesho nafuta vyote."

Mama Pimbi alihisi mkono wa Kijino ukimshika kwa nguvu. Akatazama vidole vya Kiboko, vinene kama viazi vikuu. Akakumbuka jinsi mzee huyo anavyocheza kila siku, macho kwenye tikiti, kidole ta... ta, na bado anavuka. Akajua anapita wapi, mwenyewe hana habari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijitu."

"Mali ni yako, vifute. Ila vifute mbele yetu, kisha utuonyeshe mchezo wako safi unavyochezwa. Ukivuka, kila nyumba italeta matikiti mawili. Usipovuka, vyetu virudi, visiguswe tena."

Kiboko akacheka, hu-hu-hu. "Mto huo mimi nauvuka huku natafuna."

"Tunajua, mzee. Tumekuona."

Kesho yake wakakusanyika wote. Kiboko akafuta, fyuu. Akakaa, akabonyeza. Ta... ta. Chubwi.

"Kioo kina vumbi," akasema. Wakapangusa kioo. Ta... ta. Chubwi.

"Kiti kimelegea." Wakaleta kiti kingine. Ta... ta. Chubwi.

"Kiboko kazama mtoni," akasema Konokono. "Sasa naweza kufa, nimeona yote."

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Kijino. Alisogea akaweka mkono wake ulioungua kando ya kidole cha Kiboko. "Hata mimi ilikuwa hivyohivyo, babu. Waombe Siafu. Hawakatai."

Kiboko akainama. "Warudishe," akasema, kwa sauti ya mende.

Siafu wakaingia, tiki-tiki-tiki. Safari hii walijenga daraja pana zaidi, na kando yake wakaweka kibao: KIBOKO APITE HAPA.

Funzo ni hili, wanangu: ukitengeneza mchezo, usikubali mtu yeyote auguse. Ulinde, uufungie, uwafukuze wote. Ila na wewe usije ukaucheza mbele za watu.

Ngano yangu naiacha ng'ambo ya mto. Anayeitaka avuke, na akishindwa, awaamkie Siafu.