Kinanda cha Chande

Sogeeni. Kisa hiki ni kifupi, lakini mimi kimenishinda.

Miaka ya sabini, katika mji mmoja wa reli, ilikuwapo bendi ya roki yenye ladha ya soul. Mkami, mwimbaji, alikuwa na sikio lisilosahau. Yusto aliweza kupiga chombo chochote, na mikono yake haikuwa na haraka. Renatus, mpiga gitaa, alikuwa na vidole vya umeme, na alijijua.

Mpiga kinanda wao, Chande, alikuwa akichechemea. Alifariki kwa homa wenzake wakiwa safarini kupiga dansi. Hata kumzika hawakuwahi.

Mama yake hakulia. Siku arobaini macho makavu, kifua kimejaa. Jumapili moja, kwenye dansi la mchana, akawapelekea kinanda cha marehemu ukumbini.

"Machozi yamenigomea, wanangu. Atakayeniliza, kinanda hiki ni chake."

Mkami akakumbuka Chande alivyopanda ngazi za kwao: hatua tatu, kisha ya nne inaburuzwa. Akaugeuza mwendo ule kuwa sauti nne nzito, akamwimbia Yusto.

Yusto akaketi kwenye kinanda, akazishika kwa mkono wa kushoto. Ngoma za bendi nyuma yake zilitaka kukimbia. Yeye kila mara akaichelewesha ile ya nne, dakika sita, bila pambo hata moja.

Ikafika zamu ya Renatus. Ukumbi mzima ulimngoja. Hata suruali yake ya bugaluu, ile pana miguuni, alikuwa ameipigia pasi kwa ajili ya dakika ile. Akachomoa waya wa gitaa, akasimama kimya. Pale ambapo gitaa lingelia, kikasikika kinanda kikichechemea.

"Anapanda ngazi," Mama Chande akasema, na machozi yakaanza.

"Kinanda changu!" Yusto akaruka. "Mikono ni ya nani?"

"Na wazo je? Ungepiga nini, we kasuku?" Mkami akamkatiza.

"Ningepiga mimi, nani angewasikia?" akasema Renatus. "Kunyamaza ndiyo kazi."

"Kwako wewe huo ni muujiza, si kazi!" Yusto akamrudishia.

Hakuna aliyemtazama mama mpaka aliposimama, akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Wanangu, nilikuwa sijamaliza kulia."

Machozi hayakurudi tena. Walikwenda mmoja mmoja kumwomba radhi, akawapa chai. Sasa ni ajuza. Kinanda kiko sebuleni kwake, kimefunikwa, na ahadi aliyoitoa hataki kufa nayo.

Haya, bishaneni, ila msipaze sauti. Aliyekumbuka, aliyepiga, aliyenyamaza: wewe ungempa nani?