Kindi na Dawa ya Chini ya Kawa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao na Kiboko akivaa kanzu siku ya Ijumaa, aliishi Kindi. Mwili wake ulikuwa unatosha ndani ya kikombe. Lakini mdomo, wajukuu zangu! Kutwa ni "Kwa nini? Kwa nini?" mpaka majirani wakimwona anakuja wanafunga mlango.

Kindi alikaa na wanawe watatu kwenye tundu la mkuyu, katika kijisitu cha mwisho cha kijiji. Kwingine kote kulishafyekwa na wenye mashamba, Kiboko na Nyati.

Siku moja, ko! ko! ko! Shoka likagonga shina. Kindi akachungulia. Nyati alikuwa anachora alama kwenye gome, na Kiboko amekaa chini, anahema.

"Hodi huko juu!" akaita Nyati. "Bi Kindi, hamisha watoto. Ijumaa tunakata hapa, tupande mahindi."

"Kwa nini, Mzee Nyati? Si mnalima mpaka mtoni?"

"Hayatoshi! Kila mwaka hayatoshi!"

Kindi akageuka kuwatazama watoto tunduni. Angewapeleka wapi wanawe? Lakini hata hofu ilikuwa haijamziba masikio ya udadisi. Mahindi ya mashamba yote yale hayatoshi kwa nini? Akaona ajionee mwenyewe, akawafuata mpaka uani kwa Kiboko.

Huko, pwa! pwa! pwa! Mahindi yanatwangwa, yanapepetwa, yanachekechwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka unga uwe mweupe pe. Kinachobaki, lundo zima la pumba, kinamwagwa jalalani. Na majani ya maboga yaliyojaa shambani yanakanyagwa tu.

"Bwana Kiboko, kwa nini mnamwaga?"

"Sisi wakubwa tunakula cheupe," akasema Kiboko. "Pumba ni za kuku, majani ni ya mbuzi." Mara tumbo lake likanguruma, gruuu! Akalishika kwa mikono miwili, akakunja uso.

Kindi akatazama jalalani. Kuku waliokula pumba walikuwa wanakimbizana. Akamtazama mwenye nyumba, ameshindwa kuinuka kitini.

"Makubwa haya," akajisemea. Kisha kwa sauti: "Basi niruhusuni nizoe hizo pumba."

"Zoa zote, zinatuchafulia uwanja!"

Kesho yake Kindi akaazima chungu kikubwa, yeye na wanawe wakasonga ugali wakiwa wamesimama juu ya ngazi. Unga kidogo, pumba nyingi. Pembeni akaunga majani ya maboga kwa karanga zake mwenyewe. Akafunika vyote kwa kawa, akaketi karibu na njia. Harufu, jamani! Ilikuwa inatembea peke yake.

Kiboko na Nyati wakaja wananusa.

"Kuna nini humo, Bi Kindi?"

"Dawa. Wazima hawapewi. Piteni tu."

"Tuonje kidogo."

"Mbona nyie wakubwa ni wazima kama chuma!"

Kiboko akameza mate. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama. "Naumwa," akanong'ona. "Tumbo limefunga. Leo siku ya tano sijaenda chooni."

"Na mimi," Nyati akadakia. "Nikibeba shoka naona kizunguzungu."

"Maskini! Ila dawa hii ina masharti. La kwanza, mle macho mmefumba. La pili, kila siku mniletee unga pishi moja."

"Pishi moja? Nyumbani tunamaliza tatu!"

"Dawa haipendi unga mwingi. La tatu, siku saba shoka lisiguse mti wowote. Ukikata, dawa inakatika."

Mnajua mgonjwa na masharti ya mganga! Wakakubali mbiombio. Wakafumba macho, wakala mpaka wakaramba vidole.

Ijumaa ikapita bila shoka. Siku ya tatu Kiboko alionekana anatoka chooni huku akiimba. Siku ya tano Nyati alipanda kilima bila kupumzika. Na Kindi? Kila siku aliwabusu wanawe, akahesabu siku zilizobaki.

Siku ya saba Nyati akashindwa kuvumilia. Akafumbua jicho moja.

"Lahaula! Pumba! Kiboko, tumelishwa pumba zetu wenyewe! Na majani ya mbuzi!"

Akaruka akachukua shoka, huyoo mpaka kwenye mkuyu. Watoto wa Kindi wakalia huko juu tunduni. Kindi akakimbia akasimama mbele ya shina.

"Kata, Mzee Nyati. Lakini nijibu kwanza. Shoka hilo umelishika kwa mikono mingapi?"

Nyati akatazama. Mkono mmoja.

"Wiki iliyopita?"

"Miwili," akakiri Nyati.

"Bwana Kiboko, wewe umefikaje hapa?"

"Nimekimbia," akasema Kiboko, naye akashangaa. "Ebo! Nimekimbia!"

"Swali la mwisho. Ghala lenu likoje?"

Wakaenda kufungua. Wiki nyingine zote ghala lilikuwa linashuka kama limetobolewa. Safari hii lilishuka kidogo tu, hata panya asingelitambua. Nyati akasimama pale, shoka limemlegea.

"Sasa shamba jipya la nini?" akauliza.

"Hilo ndilo swali langu tangu siku ya kwanza," akasema Kindi.

Nyati akacheka mpaka akakaa chini. Shoka akampa Kindi, mpini wake uwe ngazi ya watoto. Toka siku hiyo Nyati anakula majani mchana kweupe, bila haya.

Lakini Kiboko, aliyejisifu sana kwa cheupe chake, aliona aibu. "Bi Kindi, tafadhali, usimwambie mtu." Ndiyo maana mpaka leo anashinda majini, akisubiri giza liingie ndipo atoke kula majani, akidhani hatumwoni.

Nami kisa changu nakiacha hapo, sufuria yangu ya majani ya maboga inaungua: anayedharau chakula kwa sura yake hudhulumu tumbo lake na msitu wake pia.