Kuku Aliyefunikwa Tenga

Moshi hupiga hodi, mkaa haupigi. Jana mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo bibi harusi wa hapo jirani, mkacheka, mkaniuliza mkaa una mkono gani wa kupigia hodi. Msicheke, wanangu. Kipupwe kimeingia na kila nyumba imeshanunua gunia lake la mkaa. Sogeeni niwaambie yaliyowapata watu, ndipo mtajua maneno haya yametoka wapi.

Yalianza huko Makete, kwenye kijiji kimoja cha mgongoni mwa mlima, ambako mwezi wa saba umande huganda mweupe juu ya majani ya viazi. Aliishi huko mama mmoja mjane, Eselina Tweve, mfugaji wa kuku wa kienyeji. Mwaka huo binti yake, Ombeni, alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi. Alijifungua mtoto wa kike. Na desturi nyingine ya kwao ilikuwa hii: siku mtoto anapotolewa nje kwa mara ya kwanza, bibi yake mzaa mama humkabidhi mzazi kuku mwenye vifaranga, watu wa mume wakishuhudia. Bibi asiye na kuku wa kutoa huonekana hakumfurahia mjukuu.

Eselina kuku alikuwa nao. Vifaranga ndivyo vilivyomshinda. Mwezi wa sita peke yake alitotolesha mara mbili, na mara zote mbili aliamka akavikuta vimelundikana pembeni mwa banda, vimekauka kwa baridi. Jirani yake, Mama Luvanda, alimtania hadharani kisimani.

"Eselina, kuku wa kipupwe huatamia matanga!"

Watu wakacheka. Eselina naye alicheka, lakini lilimchoma.

Akabaki na kuku mmoja anayeatamia, Kidoti. Alikuwa kuku mkali. Ukimkaribia akiwa juu ya mayai anakudonoa mpaka damu. Siku ya ishirini Eselina alitia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akayaweka mayai humo moja moja kama alivyofundishwa na mama yake. Yai lenye kifaranga hai hutikisika lenyewe majini. Yalitikisika kumi na moja. Akayapangusa, akamrudishia Kidoti, akasema moyoni, hawa hawafi.

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Mayai mawili yalikuwa yameanza kutoboka. Eselina akafikiri: banda ni baridi, chumba cha jiko la kuni nacho ni cha mabanzi, upepo unapita kama njia yake. Chumba chenye joto ni kimoja tu, kile cha matofali na dirisha la kioo alicholala mzazi. Basi akambeba Kidoti na kapu lake la mayai, akamweka pembeni ya kitanda cha Ombeni.

Kuni hakuwasha mle. Hakuwa mjinga kiasi hicho; moshi ungemkohoza mtoto. Alijaza jiko la mkaa, akalipepea nje mpaka likawa jekundu tupu, halina moshi hata wa kusingiziwa, ndipo akaliingiza ndani. Akaziba nyufa za dirisha kwa matambara. Chini ya mlango akakunja blanketi kuukuu, akalisukuma kwa kidole mpaka likakaza. Alipomaliza akasimama katikati ya chumba akavuta pumzi. Joto safi, hakuna harufu. Alijiona mwerevu.

Hakukaa sana. Akatoka kwenda kuchemsha maharage, akawa anaingia na kutoka, na kila akiingia anarudisha blanketi lake vizuri.

Mara ya kwanza Ombeni akamwambia, "Mama, kichwa kinanigonga."

"Ni uzazi huo, mwanangu. Umepoteza damu. Kunywa uji ulale."

Mara ya pili Ombeni alikuwa amelala. Mtoto, aliyekuwa akilia tangu alfajiri, alikuwa kimya kifuani pake. Eselina akatabasamu. "Kumbe ulikuwa unalilia joto, mjukuu wangu!" Akaongeza mkaa.

Mara ya tatu alimkuta Kidoti ameacha mayai.

Kuku yule mkali, na vifaranga vinalia ndani ya maganda, alikuwa amesimama mlangoni. Miguu ilimtetemeka. Alikuwa anachakura blanketi, amechomeka mdomo kwenye mkunjo wake kama anayetafuta kitu upande wa pili. Eselina alipandwa na hasira. Aliona mayai yake kumi na moja yanapotea.

"Mama gani wewe? Unawakimbia wanao siku ya kutoka?"

Akamkamata. Kidoti hakumdonoa, hata hakupiga kelele. Hilo nalo Eselina hakulishangaa. Akamkalisha juu ya mayai, akamfunika tenga, juu ya tenga akaweka tofali ili asitoke tena. Yeye mwenyewe kichwa kilimzunguka kidogo alipoinuka. Akasema ni njaa. Akatoka, akabana mlango, akarudi kwenye maharage yake.

Jua lilipokuwa utosini, ingawa halikuonekana kwa ukungu, Mama Luvanda akaja, akasalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene! Nimekuja kuona matanga yako yametoka mangapi."

"Ingia uaibike mwenyewe," Eselina akamjibu, akamfungulia mlango akicheka.

Kidoti alikuwa amekufa ndani ya tenga. Shingo yake ilikuwa imetokeza kwenye tundu la ufito, imenyooka kuelekea mlangoni. Vifaranga viwili vilikuwa nusu nje ya ganda, havitikisiki.

Eselina aliinama. Alikuwa bado anamtazama kuku, wanangu. Anatazama kuku! Ni Mama Luvanda aliyetazama kitandani.

"Ombeni," akaita. "Ombeni! We Ombeni!"

Ombeni hakujibu. Uso wake ulikuwa mwekundu mzuri, kama wa mtu aliyetoka kuota moto. Mama Luvanda akamtikisa, mkono ukaanguka kando ya kitanda ukabaki hapo. Akamnyakua mtoto, na kichwa cha mtoto kikalala nyuma kama ua lililokatwa.

"Mtoe Ombeni nje! Mkamate miguu!"

"Nje?" Eselina akapiga ukelele. "Nje kuna baridi! Mtoto hajatolewa! Utamuua!"

Akamzuia mlangoni. Ndiyo, bibi mtu alisimama mlangoni amepanua mikono, anazuia mjukuu wake asipelekwe kwenye hewa. Mama Luvanda hakubishana. Alimpiga kikumbo mpaka akaanguka, akapita juu yake na mtoto, akamlaza nje. Akarudi, akatupa lile tofali dirishani, kioo kikamwagika chote. Hapo Eselina akaelewa, au mwili wake ukaelewa, maana alimkamata binti yake kwapani akamburuta peke yake mpaka kwenye majani yenye umande.

Wakawalaza pale. Mama Luvanda akawa anampulizia mtoto puani na mdomoni, pumzi ndogondogo, anampapasa kifua, anapuliza tena. Eselina alikuwa akisema neno moja tu, "Lia. Lia. Lia."

Ombeni ndiye aliyeanza, akatapika. Mtoto alikawia. Alikawia mpaka Mama Luvanda akainua uso na machozi yakimtoka. Kisha kikatoka kilio chembamba, kama cha kitu kilicho mbali sana. Vijana wakaja na pikipiki, wakawakimbiza zahanati. Waliporuhusiwa kurudi, siku nyingi zilikuwa zimepita.

Watu wa mume walikuja, lakini si kwa sherehe. Mama yake mume alikaa kwenye mkeka, akamtazama Eselina.

"Mzazi mwenzangu, sikuja kukutukana. Nataka kujua tu. Ulikuwa unaingia na kutoka mle. Hakuna kilichokuonya?"



"Kuni zingewaka mle ndani," Eselina akasema, "moshi ungenitoa machozi, ningefungua mlango. Moshi hupiga hodi. Mkaa haupigi. Mkaa unakaa na wewe kama mgeni mwema mpaka ulale." Akajifuta uso kwa kanga. "Aliyepiga hodi alikuwa kuku. Mimi nikamfunika tenga."

Maneno yake yakatoka na wale wageni, yakapita kijiji hadi kijiji, mpaka yakatufikia huku. Basi usiku wa leo mtu akikwambia jiko halina moshi, liingie tu chumbani, usiangalie moshi. Litoe nje. Na kitu kikikusumbua mlangoni, hata kama ni kuku, usikifunike kwanza. Moshi hupiga hodi, mkaa haupigi.