Kiti Kimoja cha Kwenda Kutazama Filamu

Hapo zamani, si zamani sana, ulikuwepo mji wa wachimba dhahabu ulioitwa Mahiga. Ulikuwa mbali na kila mji mwingine, na mvua ikianza, barabara ilifungwa miezi minne.

Akaja Redempta, mpiga filamu kutoka jijini, kurekodi maisha ya mji huo. Akarekodi wapondaji mawe, akarekodi vinyozi, akarekodi hata mbuzi wakipigana sokoni.

Siku moja akashuka shimoni. Akasimama kwenye ngazi, kamera akaiweka katika ndoo iliyoning'inia kwa kamba. Ndoo ikawa inazunguka, naye akaivuta kamba mara tatu ili itulie.

Sasa, kule Mahiga kamba husema. Ukiivuta mara moja, simamisha. Mara mbili, pandisha. Mara tatu, shusha upesi. Juu kwenye winchi, mashine ya kushusha na kupandisha ndoo, alikuwepo Mabula. Akashusha upesi.

Redempta akapiga kelele. Mabula akaikamata kamba kwa viganja vitupu, vikachubuka. Ndoo haikugonga mwamba, ila ilipinduka, kamera ikazama katika maji yaliyojaa chini ya shimo.

Shija, mchimbaji, akapiga mbizi. Mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola. Mara ya tatu akaibuka nayo.

Kamera haikuwaka. Limi, mama lishe, akaifukia katika gunia lake la pekee la mchele. Siku tatu wateja wake walikula ugali na kununa. Siku ya nne kamera ikawaka, picha zote zimo.

Redempta akasema, "Filamu itaonyeshwa jijini mara moja tu, na gari langu lina kiti kimoja cha abiria. Niende na nani?"

"Mimi," akasema Mabula. "Bila viganja hivi mngeokota vipande."

"Si wewe uliyeishusha?" Shija akacheka.

"Kamba ilisema shusha. Nikianza kubishana na kamba, ninyi wa chini mtapandishwa na nani? Na wewe ulikuwa unaoga tu."

"Kuoga? Kwenye maji yale hata chura hakai. Nisingezama, Limi angefukia nini?"

"Angepika mchele wake kwa amani," akasema Limi. "Kaka zangu, mlimletea dada huyu chuma kilichokufa. Mimi nilikifufua, na matusi ya wateja nikala."

Wote watatu walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Mawingu yakatanda. Redempta akawasha gari, mkono mmoja umeshika kitasa cha mlango wa pili.

Haya, msikilizaji, ungekuwa wewe ndiye Redempta, ungemfungulia nani?