Bi Konokono na Tangi la Mzee Kiboko

Mnisamehe mapema, wanangu. Hadithi hii naisimulia vibaya: penye kulia nacheka, penye kucheka napiga chafya. Lakini msimuliaji mzuri hakupatikana, basi nivumilieni.

Hapo zamani za kale Mzee Kiboko alikuwa na mto mzima nyuma ya nyumba. Hakutosheka. Akaweka tangi la kioo sebuleni, akatia samaki sita wekundu, ili wageni wamwonee wivu.

Siku moja akang'oa gugu la mtoni, akalipanda tangini. Kumbe kwenye jani yumo Bi Konokono, mdogo kama mbegu ya papai!

"Wewe! Nani kakukaribisha?"

"Si wewe, mzee wangu? Umenibeba kwa mkono wako."

Kiboko akajikuna shavu. "Haya. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Keshokutwa utalima, au nakutupa dirishani!"

Bi Konokono akachungulia dirishani. Nje kasimama Korongo, yule anayetafuna konokono kama karanga. Kwaa! Kwaa! Anaufanyia mdomo mazoezi.

Siku ya tatu ikafika.

"Jembe langu ni ulimi, mzee. Shamba langu ni kioo chako. Huoni kilivyoota utando wa kijani?" Akalamba: krru, krru, krru! Doa likatoka.

"Ala! Kumbe mchapakazi!"

"Tena wa kurithi. Ila kwetu mtu halimi na njaa."

Kiboko, asije akaitwa mchoyo, akatupia tangini bonge la ugali. Pwaa! Makombo yakaoza, utando ukazidi.

"Mzee, kazi imenishinda. Niruhusu wasaidizi."

"Una mume?"

"Sina."

"Ha! Basi walete hata elfu!"

Maskini, hakujua. Konokono wa aina ile hangoji posa. Hutaga peke yake. Mayai chini ya jani, ugali kila asubuhi, mwezi haukuisha wakawa ukoo mzima!

Jumapili wakaja wakwe, Tembo na mkewe. Kiboko akafungua pazia la tangi kwa madaha. Loo! Tangi zima konokono, kioo hakipitishi hata jicho.

"Samaki wako wapi?" akauliza Tembo.

"Bi Konokono!" Kiboko akanong'ona kwa hasira. "Leo wote kwa Korongo!"

"Kwa kosa gani, mzee? Pitisha kidole. Kuna utando?"

"Hakuna, lakini samaki siwaoni!"

"Nililima kioo. Samaki hukunikabidhi." Kisha akapaza sauti: "Karibuni, wakwe! Sisi ndio wafanyakazi wa Mzee Kiboko!"

"Wote hawa?" Mama Tembo akashika kifua. "Sisi tuna mpishi mmoja tu!"

Kiboko akavimba. "Aa, hawa wachache. Wengine wako likizo."

Akawaongezea ugali. Pwaa! Korongo akaondoka na njaa yake.

Mpenda sifa humlisha anayemhamisha.

Msimcheke Kiboko, wanangu. Shemeji yangu alikuja kwa siku mbili, nikamsifia kwa majirani anavyofagia ua. Leo mwaka wa saba, na kwangu mimi ndiye ninayebisha hodi.