Kwa Nini Mto Hunywesha Changarawe Kwanza

Wekeni majembe chini niwaambie, maana mnanung'unika kuwa mto umekauka.

Zamani, mito yote ilipita juu ya udongo mgumu kama chungu kilichochomwa. Hata tone halikuzama. Masika mto ulinguruma. Kiangazi kikiingia, kweupe, maji hakuna. Hapo ukoo ulifungasha na kuhama na mifugo. Wazee wasioweza kutembea waliachiwa mitungi michache ya maji, wakaagwa.

Mwaka mmoja zamu ilimfikia bibi aitwaye Sechelela. Mkwewe, Nyemo, alipoona mitungi imepangwa mlangoni, alitua mzigo wake.

"Nenda, mwanangu," Sechelela alimsihi. "Maji haya hayatoshi wawili."

"Basi tutayagawa, mama. Siendi."

Nyemo akashuka mtoni kutafuta maji. Alichimba siku nne, akautoboa ule udongo, akakuta changarawe kavu. Alikaa akalia. Kisha akanawa vumbi mikononi kwa maji kidogo aliyobeba, na maji yale yakapotelea kati ya vijiwe. Akayatazama. Alirudi mbio.

"Mama, ardhi ina tumbo, ila imezibwa mdomo!"

Tangu hapo alivunja udongo kila alfajiri, toka ukingo hadi ukingo. Mpini ukavunjika, akachonga mwingine. Viganja vikachubuka, akavifunga kwa ngozi. Wawili wale waliishi kwa kata moja ya maji kwa siku.

Mvua ikanyesha, watu wakarejea. Mto ulikuja kwa kishindo, ukafika penye changarawe, ukazama wote.

"Umeuchimbia mto wetu kaburi!" mtemi Chilongani alifoka. Akaamuru mashimo yazibwe. Nyemo akasimama katikati ya mto, jembe mkononi, akasema wakiyaziba watamfukia humo humo. Hakuna aliyethubutu. Siku ya tatu changarawe ilishiba, na mto ukapita juu yake kama kawaida.

Kiangazi kiliporudi na mto kukatika, watu walianza kufungasha. Nyemo akachimba kando ya ukingo. Kina cha kiuno tu, maji yakachuruzika, maangavu, baridi. Chilongani alipiga magoti, akanywa kwa viganja, kisha akaenda mwenyewe kufungua mizigo ya ng'ombe. Mwaka ule hakuachwa mtu.

Na tangu siku hiyo, mto hunywesha changarawe kwanza ndipo uende zake, na visima vya kando hujaa kwa maji yake. Mkiuona mkavu, msiulilie. Umeingia ndani.

Haya, inukeni tuchimbe. Bado kina cha kiuno.